Hilari Mayala na Kibati Alichokiziba kwa Nta

Waombolezaji wapendwa, aliyelala mbele yetu ni Hilari Mayala, fundi redio wa Isevya na mpiga gitaa wa Igombe Jazz. Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, Lugembe Ngollo, kaka wa mjane. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemchagua. Alisema ndugu zake wa damu watampamba mpaka asitambulike, lakini shemeji hatamwonea haya. Shemeji ameahidi kusema kwa heshima, na pale heshima itakapomshinda anaomba radhi mapema kwa Baba Paroko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1936 katika kijiji cha Lusu, Nzega, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mayala Masele na Mama Katarina, waliokuwa wakulima wa pamba. Alibatizwa mwaka huohuo. Dada yake Yustina, aliyekaa pale mbele, anakumbuka kwamba marehemu akiwa mdogo alijitengenezea zeze la kibuyu, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba wachungaji wenzake walipanga foleni kulisikiliza. Siku moja Yustina alilichukua bila kuomba, akalipiga, na watu wakamsifu. Marehemu hakumpiga dada yake wala hakulia. Alilipokea zeze lake, akaukata uzi kwa meno, akasema limeharibika. Watoto wengi wana choyo, lakini choyo hukimbia wakikua. Cha marehemu kilikua naye, kikaota ndevu.

Alisoma shule ya misheni na kumaliza darasa la nane mwaka 1953. Alikuwa hodari wa hesabu na uimbaji. Pale misheni kulikuwa na kinanda cha kanisani, na wanakwaya wote waliamini kwamba Hilari ndiye atakayefundishwa kukipiga. Akachaguliwa mwingine, mwenye vidole virefu zaidi. Marehemu aliendelea kuimba sauti ya tatu kama kawaida, ila tangu siku hiyo hakukipenda kinanda cha aina yoyote, kikubwa wala kidogo. Jambo hili tunaomba mlikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Mwaka 1955 alihamia Tabora na kuajiriwa na shirika la reli katika kitengo cha simu, akipanda nguzo na kuunga nyaya kuelekea upande wa Kigoma na upande wa Mwanza. Huko ndiko alikojifunza umeme. Jioni alitengeneza redio za watu nyumbani kwake Isevya, na siku za mapumziko alipiga gitaa la solo katika Igombe Jazz, bendi iliyoanzishwa na Mzee Mfaume Selemani, fundi viatu. Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, bendi hiyo ilipiga tangu jua la saa nne, na wenye kumbukumbu wanasema watu walicheza mpaka vumbi likawafanya wote wawe rangi moja.

Tarehe 20 Julai 1963 alifunga ndoa na Koleta Ngollo wa Igunga. Mungu aliwajalia watoto wawili, Masele na Katarina. Ilikuwa ndoa nzuri, na ingekuwa nzuri zaidi kama isingeingiliwa na mtu wa tatu. Mtu huyo hakuwa mwanamke. Alikuwa bati la biskuti.

Ilikuwa mwaka 1967. Marehemu alikuwa na redio mbovu mezani, redio ya dukani iliyokuwa ikikwaruza kama mtu mwenye mafua. Katika kuhangaika kutafuta ugonjwa wake, alichomeka waya wa gitaa mahali pasipostahili. Gitaa likatoa sauti ambayo hakuna mtu wa Tabora aliyewahi kuisikia: sauti nzito, yenye mikwaruzo, ndefu, kama ya mtu mzima aliyetoka kulia na sasa anaeleza. Marehemu aliacha kazi za watu zote. Alitoa transista katika redio ile, akaichokonoa na kuijaribu, mpaka sauti ile aliyoipata kwa bahati akaweza kuipata kwa kusudi. Akaifungia ndani ya bati la biskuti, akaweka swichi juu yake ya kukanyaga kwa mguu, na betri za tochi ndani. Waya wa gitaa uliingia upande mmoja, ukatoka upande wa pili kwenda kwenye amplifaya. Mguu ukikanyaga, gitaa linalia. Mguu ukikanyaga tena, linanyamaza na kuwa gitaa la kawaida. Watu wakakiita Kibati, na mwaka haukuisha kabla watu wa bendi za Mwanza na Shinyanga hawajaanza kuja kumsalimia mtu ambaye zamani hawakumsalimia.

Marehemu aliingiwa na hofu. Kila mgeni alimwona mwizi. Akikaribishwa chakula baada ya muziki, alikula Kibati kikiwa katikati ya miguu yake. Mwishowe akafanya kile ambacho mtu wa nchi hii ya asali hukifanya akitaka kitu kisivuje: alikwenda sokoni akanunua nta ya nyuki, akaiyeyusha, akaimimina ndani ya Kibati juu ya kila kilichokuwamo, isipokuwa mahali pa betri. Ikaganda. Hata ungelifungua bati, ungeona nta tupu. Nta hiyo iliyeyushwa na Koleta, ikachujwa na Koleta kwa kitambaa cha kanga yake ya zamani, mara ya kwanza na mara zote zilizofuata, maana kila marehemu alipoona wivu aliongeza tabaka jingine.

Koleta naye alikuwa na wivu wake. Aliwaambia majirani, "Mimi nina ndoa ya kanisani, lakini nina mke mwenza." Majirani walicheka. Yeye hakucheka. Alisema mume wake hakulia kama gitaa lile hata siku aliyozikwa mama yake, kumbe machozi yote alikuwa akiyaweka kwenye bati.

Katarina mdogo alipobatizwa, mwaka 1969, familia ilikwenda kupiga picha studio. Picha ilipotoka, Koleta aliitazama kwa muda. Yeye alikuwa amesimama, amempakata mtoto, na Masele ameshika sketi yake. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti, amependeza kwa tai, na mapajani mwake amekipakata Kibati. Koleta alifunga mzigo, akabeba watoto, akapanda basi kwenda kwao Igunga.

Marehemu alimfuata siku ya tatu akiwa na gitaa mgongoni. Mzee Ngollo alimwitikia salamu yake ya mwangaluka, akampa kigoda karibu na zizi, lakini mlango wa nyumba haukufunguliwa. Marehemu hakuwa mtu wa kubembeleza kwa maneno. Alichukua gitaa, likiwa kavu, bila umeme na bila Kibati, akaanza kupiga na kuimba wimbo ambao alikuwa anautunga palepale, akimwomba Koleta afungue. Shemeji yake, yaani msomaji huyu, alikuwa ndani anakula, na anakiri kwamba aliacha kula.

Koleta aliuliza kupitia mlangoni, "Na yule mwenzangu umemwacha wapi?"

"Nimemfungia Isevya."

"Umemfungia au umemficha?"

"Nimemfungia, Mama Masele. Ufunguo huu hapa."

Akaupenyeza ufunguo chini ya mlango, na mlango ukafunguliwa. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa "Koleta Fungua". Baadaye marehemu aliupiga na bendi, na bila shaka aliupitisha kwenye Kibati. Koleta alinuna wiki nzima kwamba mke mwenza ameingizwa mpaka kwenye wimbo wake. Lakini alimwambia kaka yake kwamba kwa kweli ulikuwa mtamu zaidi hivyo, na kwamba kaka yake akithubutu kumwambia Hilari, wasijuane tena.

Zama za Ujamaa zilipopamba moto, vyombo vya Igombe Jazz viliwekwa chini ya kamati. Mzee Mfaume aliitisha mkutano mwaka 1972 akawasomea wanabendi: magitaa ni ya bendi, ngoma ni za bendi, spika ni za bendi. Kisha akatazama chini, penye miguu ya marehemu.

"Na Kibati je, Ndugu Hilari?"

"Kibati ni changu, Mzee, kama meno yangu."

"Ndugu yangu, hayo ni maneno ya kibepari."

"Basi ning'oeni."

Hakuna aliyemng'oa. Mzee Mfaume, ambaye Mungu amempa uzima na yuko nasi leo, alijua kwamba bila Kibati bendi yake ilikuwa kama bendi nyingine yoyote. Kamati iliandika kwamba suala hilo litaangaliwa baadaye, na baadaye haikufika.

Mwaka 1974 bendi ilipata kinanda cha umeme, kilichoachwa na mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Kilikuwa na vitufe vya kuzungusha ambavyo vilikiwezesha kutoa sauti ya filimbi, ya zumari, hata ya upepo. Aliyeletwa kukipiga ni Twalibu Shaban, mwana wa fundi cherehani wa Cheyo, aliyekuwa amelelewa katika kikundi cha taarabu. Vidole vyake vilikuwa virefu. Marehemu aliviona siku ya kwanza, na roho ikamuuma kama alivyoumwa misheni.

Kinanda kile kilikuwa na kasoro moja, na Twalibu mwenyewe aliijua. Sauti yake ilikuwa safi kupita kiasi. Ilikuwa kama maji yaliyochemshwa: huwezi kuyalaumu, lakini hayana ladha. Twalibu, ambaye alimwamkia marehemu kila alipomwona kwa kuwa alimzidi umri, alimfuata baada ya mazoezi.

"Shikamoo, kaka Hilari."

"Marahaba."

"Nilikuwa naomba, siku moja tu, nipitishe kinanda kwenye Kibati. Nisikie tu kinasemaje."

"Kipitishe dirishani," alisema marehemu.

Wanabendi wakacheka, Twalibu naye akacheka. Aliomba tena baada ya mwezi, na mwaka uliofuata, bila kukasirika, na kila alipoomba marehemu alikwenda sokoni kununua nta. Koleta aliyeyusha, akachuja, akasonya. Alimwuliza mumewe ana hofu gani, kwani Kibati kingepungua nini kwa kupitisha kinanda siku moja. Marehemu alimjibu ukweli, maana kwa mkewe hakuwa mwongo: "Sina hofu kwamba kitasikika vibaya."

Bendi ilipotumwa kutumbuiza katika uzinduzi wa vijiji vipya vya Ujamaa huko Nzega, mahali pasipo na umeme, kinanda kilibaki kwenye lori kimefunikwa turubai, wakati gitaa la Hilari lilinguruma kwa betri ya gari. Wazee wa Lusu wanamkumbuka marehemu katika siku hizo akiwa mtu mwenye furaha kuliko wote. Alimkabidhi Twalibu kayamba, akamwambia ajitahidi. Lakini wakirudi Tabora, Twalibu alipobaki ukumbini kufanya mazoezi peke yake, Koleta alimkuta mumewe mara nyingi amesimama nje, nyuma ya ukuta, anasikiliza. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vikitembea kwenye suruali. Akimwona mkewe alijifanya anakwenda haja.

Tarehe 3 Machi 1979, akiwa anabadilisha nyuzi za gitaa nyumbani, marehemu alianguka. Ilikuwa presha, na kiharusi kilimchukua upande wote wa kushoto. Wauguzi na madaktari wa hospitali ya mkoa walimhudumia kwa moyo, na familia inawashukuru. Mguu ulirudi kidogo, wa kuburuta. Mkono ule wa kushoto, unaobana nyuzi, haukurudi. Fundi redio anaweza kuhangaika kwa mkono mmoja akipata wa kumshikia vitu. Mpiga gitaa hawezi.

Ilikuwa miaka ile migumu ya vita na baada ya vita, sukari ikitafutwa kama dawa. Aliyekuja kumtazama mara nyingi kuliko wote ni Twalibu. Hakuja mikono mitupu: leo sukari kidogo kwenye karatasi, kesho kipande cha sabuni, siku nyingine samli kutoka kwa shangazi yake. Alimlisha uji, akamsimulia habari za bendi. Koleta alifarijika, akawa anacheka tena. Marehemu alimtazama Twalibu akicheka na mkewe, akatazama Kibati kilichokuwa chini ya kitanda, na hakujua amwonee wivu juu ya kipi kwanza.

"Haji kuniona mimi," alimwambia Koleta. "Anakuja kumsalimia Kibati."

"Hajakiulizia hata siku moja."

"Ndiyo maana najua."

Alitangaza kwa wote waliokuja kumjulia hali kwamba Kibati atazikwa nacho, na mtu asijisumbue. Na siku moja Koleta alipokwenda sokoni, marehemu alifanya kosa ambalo familia imeruhusiwa kulisema. Alikuwa ameacha kumwamini hata mkewe. Akajikokota mpaka jikoni, akachukua sega lililoletwa na jamaa wa Sikonge, akaliyeyusha mwenyewe na kulimimina ndani ya Kibati, tabaka la mwisho. Kuchuja nta kunahitaji mikono miwili ya kukamua kitambaa, naye alikuwa na mmoja. Hakuchuja. Nta iliingia na asali yake yote.

Mwezi Septemba 1980 gari la kurekodia la redio lilifika Tabora kurekodi bendi za mkoa. Habari hiyo iliwasha mji. Igombe Jazz walikuwa na mpiga solo mpya, kijana mwenye adabu, lakini "Koleta Fungua" haukukubali mikononi mwake. Walijaribu, ukatoka mkavu. Mzee Mfaume alikuja Isevya mwenyewe, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Hilari, mdogo wangu. Redio iko ukumbini, na kesho inakwenda Kigoma. Wimbo huu usiporekodiwa leo, tutazikwa nao mimi na wewe. Hakuna atakayejua kwamba ulikuwapo."

"Mpiga solo wenu hauwezi."

"Hauwezi. Twalibu anaujua wote, noti kwa noti. Ila kinanda chake bila Kibati kinauimba kama mtoto wa shule anayekariri."

Marehemu aligeukia ukutani. Koleta, aliyekuwa mlangoni, anasema hajawahi kumwona mtu akipigana na nafsi yake wazi namna ile. Wimbo ule ulikuwa wake. Ulikuwa ndoa yake, na sauti ya Kibati ilikuwa sauti yake. Ama ampe mtu wa vidole virefu ausemee, au ufe na mkono wake. Kisha akageuka, akasema, "Swichi nitakanyaga mwenyewe. Mguu wangu wa kulia ni mzima."

Twalibu alimleta ukumbini kwenye keria ya baiskeli, akiisukuma taratibu, na Koleta nyuma. Kibati kilikuwa mapajani mwa marehemu, maana alikataa kishikwe na mtu mwingine. Wakaingiza waya wa kinanda upande mmoja, wakautoa upande wa pili kwenda kwenye amplifaya, na mbele ya spika fundi mitambo wa redio akaweka mikrofoni yake. Tepu ikaanza kuzunguka. Twalibu akabonyeza. Marehemu akakanyaga.

Kikatoka kishindo kidogo, kisha kimya. Akakanyaga tena. Kutoka kwenye tundu la swichi akatoka sisimizi mmoja, akafuatwa na mwenzake, kisha wakamwagika mstari mzima, wakavuka kiatu cha marehemu. Walikuwa wameifuata asali, wakahamia humo na watoto wao.

Fundi mitambo alitazama saa, akasema bendi nyingine inasubiri nje. Mzee Mfaume akamwomba ainywe kwanza chai yake. Marehemu hakuinua macho.

"Tokeni wote," alisema. "Abaki Twalibu."

Walitoka, isipokuwa Koleta, ambaye alisema yeye ndiye mke mkubwa na haondoki. Marehemu akamwambia Twalibu achukue kisu. Twalibu akachimba nta, tabaka juu ya tabaka: tabaka la mwaka alioomba mara ya kwanza, tabaka la mwaka alioomba tena, mpaka akafika chini. Aliwapuliza sisimizi. Akatazama. Humo ndani mlikuwa na transista mbili kuukuu za redio, na viungo vidogo vichache vinavyotosha kwenye kiganja.

"Ni hivi tu, kaka?"

"Ni hivyo tu."

Koleta anasema aliomba Mungu Twalibu asicheke. Twalibu hakucheka. Alivuta kigoda karibu, akasema, "Nielekeze." Marehemu akamwelekeza. Waya uliokuwa umeliwa na kutu ya asali ulibadilishwa, Twalibu akiushikilia na marehemu akiuchomea kwa mkono wake mmoja. Yale ambayo watu wa Mwanza na Shinyanga walikuja kuyapeleleza, Twalibu wa Cheyo aliyajua yote kabla chai ya fundi mitambo haijapoa.

Kisha wakapiga. Wenzetu mliosikia wimbo ule redioni mnajua. Kinanda kile, kilichokuwa hakina ladha, kilipopita kwenye Kibati kikawa na koo la mtu. Twalibu alizungusha vitufe vyake mpaka sauti ikavaa umbo la gitaa, akaukokota wimbo kama marehemu alivyoukokota karibu na zizi la Igunga, na mguu wa kulia wa marehemu ukakanyaga kila mahali palipotakiwa kulia. Koleta alikuwa ameegemea mlango. Anasema alisikia gitaa la mumewe, akatazama mkono wa mumewe, ulikuwa umelala pajani. Hapo ndipo alipolia, na baada ya hapo hakumwita Kibati mke mwenza tena.

Marehemu hakulia. Nyumbani alimwambia mkewe, "Ameupiga vizuri kuliko mimi. Basi ndicho kilichokuwa kinaniuma miaka yote."

Wimbo ulipoanza kurushwa, mtangazaji alisema ni "Koleta Fungua" wa Igombe Jazz, na gitaa la solo limepigwa na Hilari Mayala. Labda aliambiwa hivyo, labda alidhani. Watu walifurika Isevya kumpongeza. Walisema Mungu amemrudishia mkono. Marehemu alipokea pongezi zote, akawakaribisha maji, na hakusahihisha neno. Twalibu alikuwa amekaa pembeni, naye hakusema kitu. Koleta alipomfuata nje na kumwuliza mbona ananyamaza, Twalibu alijibu, "Mguu ulikuwa wake, shemeji."

Marehemu aliendelea kudhoofika. Tarehe 2 Mei 1983 alipata kiharusi cha pili, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Mei 1983, aliaga dunia katika hospitali ya mkoa, akiwa amepokea sakramenti. Siku mbili kabla, alimwita mkewe na shemeji yake akawapa maagizo, akiyasema taratibu kwa sababu mdomo ulikuwa mzito. La kwanza lilikuwa kwamba siku ya maziko, mbele ya watu wote, isemwe kwamba aliyepiga wimbo ule redioni ni Twalibu Shaban, kwa kinanda. Shemeji yake alimwuliza kwa nini asilitangaze mwenyewe angali hai. Alisema, "Nitangaze niwaone nyuso zao wanavyomgeukia? Semeni nikiwa kwenye sanduku."

Basi, ndugu waombolezaji, imesemwa. Aliyepiga ni Twalibu. Mkitaka kumgeukia, mgeukieni. Amesimama kule nyuma, karibu na Mzee Mfaume, na kofia yake iko mkononi.

Marehemu ameacha mjane, Koleta, watoto wawili, Masele na Katarina, mkwe mmoja, mjukuu mmoja aitwaye Hilari, ambaye ndiyo kwanza anatembea na tayari hapendi mtu aguse mpira wake, dada yake Yustina, pamoja na shemeji, binamu, wanabendi na majirani wa Isevya. Familia inawashukuru wote waliomuuguza na wote waliokesha.

Agizo la pili lilihusu Kibati. Kwa miaka mingi marehemu aliapa kwamba atazikwa nacho, na wengi wenu mmekuja leo mkitaka kuona kama kitashuka naye. Hakishuki. Kiko hapa, chini ya kanga ya Koleta, na hakina nta. Alisema apewe Twalibu. Koleta alipomwuliza kama akakipeleke Cheyo jioni ileile, marehemu aligutuka kama mtu aliyepona.

"Asikiguse," alisema, "mpaka nimefukiwa."

Bwana ampokee mtumishi wake Hilari na kumlaza kwa amani, pasipo na mtu wa kumwonea wivu. Na wewe Twalibu, ndugu yetu, subiri hapohapo uliposimama. Wenye majembe wameanza.